Jibu (2023, vita vilipoanza Sudan): Dogo amekwama Khartoum, pasi yake ya kusafiria imefungiwa chuoni

Mkuu, pole sana. Nilivyokuelewa, dogo amekosa mabasi ya kwanza ya kuwatoa wanafunzi vitani na anaogopa kurudishwa mpakani kwa kukosa pasi.

Anza na jina. Hakikisha limo kwenye orodha ya ubalozi wetu ya wanaoondolewa. Usiridhike na "nilishatuma". Mpwa wangu alitoka na mabasi yaliyopita Gedaref, mashariki mwa Sudan, hadi Metema, upande wa Ethiopia, na majina yao yalikusanywa na viongozi wa wanafunzi kwenye grupu la WhatsApp. Mtafute kiongozi wake leo leo.

Pasi asiifuate chuoni, risasi hazina macho. Ubalozi hutoa hati ya dharura ya kusafiria. Mtumie picha ya pasi au cheti cha kuzaliwa, aihifadhi kwenye simu kabisa maana mtandao unakatika ovyo.

Njia ya Port Sudan, bandari ya Bahari ya Shamu, ipo, meli za Saudia zinavusha watu wa mataifa mengi hadi Jeddah, ila ni mbali mno. Peke yake asithubutu. Benki zimefungwa na nauli zimepaa, kwa hiyo awe na keshi, ikiwezekana dola.

Habari ya ada na kuhamisha masomo, hata sisi bado tunahangaika nayo. Atoke kwanza.