Fonti ya pikseli na maneno yetu marefu

Nyie mnaoanza kudizaini na mmeshaipenda Press Start 2P, ile fonti yenye herufi za magemu ya zamani, naomba mnisikilize maana mimi ilinila siku mbili nzima. Nilikuwa natengeneza bango la simu la mashindano ya gemu, nikaweka saizi 13 kwa vile ndo iliyotoshea hapo, herufi zikatoka na ukungu, M mguu mmoja mnene mwingine mwembamba, nikabaki nailaumu programu. Kumbe kila herufi imechorwa ndani ya miraba 8 kwa 8, kama za mashine za gemu za kampuni ya Namco za miaka ya 80 ambako ndo ilikotolewa, kwa hiyo saizi zake ni 8, 16, 24, 32 basi. Ukiweka 13 kila mraba unataka pikseli moja na nusu na kitu, sasa skrini itaitoa wapi hiyo nusu?

Lakini kinachotuumiza zaidi sisi wa Kiswahili ni upana. Kila herufi inakula nafasi sawa, i na m zote sawa, kwa hiyo kwenye skrini ya pikseli 360 ukitumia saizi 24 zinaingia herufi 15 tu. Haya andika "yatakayofanyika". Mstari umeisha, hata nukta haina pa kukaa! Ikabidi nibadilishe maneno yenyewe, nikaandika "Jumamosi saa 8", herufi 14 na nafasi zake, ikakaa vizuri mno.

Angalieni pia ng'. Kile kialama cha juu kinapewa chumba kizima peke yake, ng'ombe inasomeka kama maneno mawili. Kwenye kichwa cha habari kisogeze kwa mkono, ila kwa mraba mzima, yaani kwenye saizi 24 unasogeza pikseli 3 au 6, ukisogeza 4 jicho linaona tu kuna kitu hakijakaa.

Maelezo marefu msiyaweke humo kabisa, yanachosha. Mi natumia VT323 ya Peter Hull, imetokana na herufi za DEC VT320, temino ya zamani (skrini na kibodi ya kuwasiliana na kompyuta kubwa), ni nyembamba na inasomeka, na zote mbili ni za bure hata kwa kazi ya kulipwa. Ukimaliza sevu PNG, JPEG inachafua kingo, na mteja mtumie kama dokumenti sio kama picha.