Spektra ya mkondo wa ziwa haioneshi kitu, nakosea wapi?

Swali: Habari mtaalamu. Nina data za mkondo kutoka Ziwa Michigan, latitudo 43 kaskazini, siku 40, kipimo kila nusu saa. Nimechukua kolamu ya kasi nikapiga spektra (grafu ya kuonesha mizunguko ya muda gani ina nguvu kwenye data) nikitegemea kilele kwenye masaa 17 na kitu, sioni cha maana. Kifaa kibovu au programu?

Jibu: Vyote vizima ndugu yangu, tatizo ni hiyo kolamu uliyochukua. Hicho kilele unachokitafuta kinatokana na dunia kujizungusha, upepo ukishasukuma maji halafu ukatulia maji yanabaki yanazunguka duara, na muda wa duara moja ni masaa 12 gawanya kwa sine ya latitudo, kwako inakuja kama 17.6. Sasa fikiria maji yanayozunguka duara kwa sentimita 15 kwa sekunde, kasi ni 15 asubuhi, 15 mchana, 15 usiku, kinachobadilika ni mwelekeo tu! Wewe mwelekeo umeutupa, spektra itaona nini? (Kukiwa na mkondo mwingine umechanganyika humo kilele kitachungulia kidogo, ila usikitegemee.)

Na kuna mtego mbaya zaidi ya huo. Ziwa Erie maji yanayumba kwenda na kurudi kwa urefu wa ziwa, kama masaa 14 hivi, sasa kasi haina hasi kwa hiyo kwenda inahesabiwa na kurudi inahesabiwa, grafu inakuletea masaa 7 na wewe unaanza kuandika ripoti ya kitu ambacho hakipo.

Dawa yake, vunja mkondo vipande viwili kabla ya kitu kingine chochote: u (ya kwenda mashariki) ni kasi mara sine ya mwelekeo, v (ya kwenda kaskazini) ni kasi mara kosine, nyuzi geuza ziwe radiani. Hata wastani wa nusu saa kwenda saa moja ufanye kwenye u na v, manake ukichukua nyuzi 350 na 10 ukagawa kwa mbili unapata 180, maji yanaenda kaskazini wewe unayapeleka kusini. Halafu unganisha u + iv iwe namba changamano moja (namba yenye sehemu mbili, i ni kipeo cha pili cha -1), piga spektra ya hiyo, iwe Python, R au MATLAB zote zinakubali. Kwa kizio cha kaskazini duara linafuata mwelekeo wa saa kwa hiyo kilele kitasimama upande wa masafa hasi (upande wa mizunguko ya kufuata saa) peke yake, upande wa chanya kimya. Maji ya kuyumba mbele na nyuma yanatokea pande zote mbili karibu sawa, hapo ndo unawatofautisha.

Ukikata data vipande ili kulainisha spektra, usishuke chini ya siku 8 hivi kwa kipande, ukikata vya siku 3 masaa 17.6 na 24 (mzunguko wa kila siku) yanaungana yanakuwa kilima kimoja.

Na cheki mapengo. Nilishaletewa faili lenye -999 kila kifaa kilipokosa kusoma, mwenyewe kazijumlisha zote kwenye hesabu.