Runinga ni kompyuta iliyotundikwa ukutani

Swali la wiki hii linauliza runinga janja zimebadilishaje utazamaji nyumbani. Kwa maoni yangu, badiliko kubwa ni hili: ubora wa picha hauamuliwi tena na kioo peke yake. Intaneti, mipangilio na programu zilizomo zina neno, na ndizo zinazowaangusha wengi waliokwisha kununua kioo kizuri.

Picha ya 4K ina pikseli (nukta zinazounda picha) 3840 kwa 2160, mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080. Kuitazama mtandaoni huhitaji takriban megabiti 15 hadi 25 kwa sekunde, tena bila kuyumba. Piga hesabu: megabiti 15 kwa sekunde ni karibu gigabaiti 7 kwa saa. Mwenye kifurushi chenye kikomo ashushe ubora ndani ya programu hadi 1080, ambayo huridhika na megabiti 5 hivi. Kasi ikipungua hupati onyo lolote. Programu hushusha ubora kimyakimya, nawe ukadhani kioo kimechoka. Mara nyingi mkosaji ni Wi-Fi, kwa kuwa antena ya runinga imefichwa nyuma, imebanwa na ukuta. Masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta lakini hugombaniwa na vifaa vya majirani. Ya 5 GHz yana kasi ila hayaendi mbali. Ruta ikiwa chumba kimoja na runinga, chagua 5. Waya ni thabiti kuliko yote mawili, na hata kama tundu la runinga nyingi halizidi megabiti 100, hizo ni nyingi kwa filamu moja.

Mipangilio ndiyo inayoharibu zaidi. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, ilhali skrini nyingi hujichora upya mara 60. Kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 24, picha moja hushikiliwa mara mbili na inayofuata mara tatu, na kamera inapogeuka taratibu unaona mtikisiko. Skrini ya mara 120 haina shida hiyo, kila picha hukaa mara tano. Watengenezaji wamezoea kuficha mtikisiko kwa kubuni picha za katikati ambazo hakuna aliyezipiga: filamu inateleza kama tamthilia ya studioni, na kingo za vidole au nywele zinafifia. Kwa mpira, sawa, mbinu hiyo iache ikiwaka. Kwa filamu, izime, au tafuta hali ya Filmmaker, iliyotangazwa na UHD Alliance, muungano wa kampuni za runinga na filamu, mwaka 2019 kwa ajili hiyo hasa. Na ile hali ya rangi kali kupindukia? Hiyo ni ya kushindana na taa za dukani. Sebuleni jioni hali ya sinema ndiyo hukaribia rangi halisi.

Jingine ambalo wengi hawalijui: runinga nazo hututazama. Huchukua sampuli za kinachoonekana kwenye skrini, hata kikitoka kwenye king'amuzi kilichounganishwa, na kuzilinganisha na hifadhidata ili kujua unatazama nini. Mwaka 2017 kampuni ya runinga ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri la jambo hilo nchini Marekani. Kizimio cha ufuatiliaji huo huwa kwenye sehemu ya faragha au masharti, kimefichwa vizuri.

Mwisho wa siku kioo hudumu kuliko programu zake. Hifadhi ya gigabaiti 8, ambayo nyingi imeshikwa na mfumo wenyewe, hujaa upesi. Runinga ikianza kusuasua, futa programu usizotumia, kisha ichomoe kwenye umeme kwa dakika moja, kwani kitufe cha rimoti huilaza tu, hakiizimi. Masasisho yakikoma, usitupe kioo. Chomeka kifaa kidogo cha kutazamia mtandaoni kwenye tundu la HDMI, lile la kupokea picha na sauti. Ila umeme wake utoe kwenye soketi ya ukutani: tundu la USB 2.0 la runinga kwa kawaida hutoa miliampia 500 tu, na kifaa kikikosa nguvu hujizima na kuwaka upya katikati ya filamu.