Sentimita 62 za kaunta

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa fupi: "Jiko lako ni dogo. Ni kifaa gani cha umeme usingekubali kukiondoa, na kipi ulijuta kukileta?" Ningeweza kulijibu kwa mstari mmoja: sufuria ya presha ya umeme imebaki, mashine ya kukamua juisi imeondoka. Lakini mwenye jiko kama langu hatafuti jina la kifaa, anatafuta namna ya kuamua, na hapo ndipo mimi nilipohangaika muda mrefu.

Jiko langu lina upana wa mita 1.6 na urefu wa mita 2.1. Ukisimama katikati unafikia kila kitu bila kunyanyua mguu, jambo lenye raha yake. Ukitoa sinki, plate mbili za kupikia na friji, kaunta inayobaki ni sentimita 62. Nimeipima kwa futi ya cherehani, tena si mara moja, kama mtu anayetumaini safari hii itakuwa imerefuka.

Juu ya sentimita hizo kulikuwa na birika la umeme, blenda, tosta, mashine ya juisi, na kile kikaangio cha hewa ambacho wengi tunakiita eya fraya, nilichopewa zawadi. Vyote vizima, vyote safi. Na mimi nilikuwa nakatia vitunguu juu ya friji. Friji yangu ni fupi, inanifika kifuani, kwa hiyo niliweka ubao pale juu nikawa nakata huku viwiko vimenyanyuka kama mtu anayeanika nguo. Jioni moja nusu ya kitunguu iliteleza ikaangukia nyuma. Kuiacha ioze haikuwezekana, ikabidi nivute friji, na ili kuvuta friji ikabidi nitoe kiti, na kiti hakikuwa na pa kwenda isipokuwa sebuleni. Nikiwa nimepiga magoti pale na tochi ya simu, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikaona hili si suala la kupanga vizuri. Vifaa vimenitoa jikoni kwangu.

Kosa nililokuwa nalifanya ni kulinganisha kifaa na kifaa: blenda hii au ile, lita ngapi, wati ngapi. Mshindani wa kweli wa kila kifaa ni kaunta tupu. Kaunta tupu inakata, inakanda, inapokea sufuria ya moto, inabeba sahani nne wakati wa kupakua, haina waya na haiharibiki. Kabla sijamfukuza mpangaji wa namna hiyo, anayekuja badala yake inabidi anishawishi kweli.

Waliolifikiria jambo hili kwa makini wapo tangu zamani. Mwaka 1926 msanifu majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo la nyumba za gharama nafuu za mji wa Frankfurt, Ujerumani: upana mita 1.9, urefu mita 3.4. Alijifunza kutoka kwenye majiko ya mabehewa ya treni, ambako watu wachache huwapikia wengi ndani ya nafasi finyu. Ninachokipenda mimi katika picha za jiko lile ni meza ya kazi iliyowekwa chini ya dirisha, penye mwanga, na kiti cha kuzunguka mbele yake. Mpishi amepewa mahali pake kwanza, vyombo vikapangwa kumzunguka. Kwangu ilikuwa kinyume chake.

Basi nikabandika karatasi kwenye mlango wa friji. Kila nilipotumia kifaa nilipiga mstari. Wiki sita. Birika lilijaza safu yake mpaka nikaacha kuhesabu. Sufuria ya presha, ambayo wakati huo ilikuwa imesukumwa kabatini nyuma ya ndoo, ilipata mistari 23, ingawa kila mara nililazimika kuinama na kutoa ndoo. Kikaangio 11. Blenda 9. Tosta 4. Mashine ya juisi 2, na mmoja kati ya hiyo miwili nilikuwa najaribu tu kama bado inawaka.

Mistari peke yake inadanganya kidogo. Kifaa kinaweza kutumiwa kila siku kwa sababu tu kiko mbele ya macho. Kwa hiyo nikaongeza swali la pili: kama kisingekuwepo leo, ningefanyaje? Tosta ilianguka hapo hapo. Mkate unageuka rangi kwenye kikaango kikavu kwa dakika mbili tatu, na kikaango ninacho tayari. Blenda kubwa nayo nilibadilisha na ya mkono, ile ya fimbo unayoichovya ndani ya sufuria yenyewe. Inalala kwenye droo pamoja na miko. Barafu haiwezi, lakini sijawahi kuamka nikitamani kusaga barafu.

Mashine ya juisi ilihitaji swali la tatu, la kuosha. Hili watu hawalitaji dukani. Ile mashine ilikuwa na vipande saba: kifuniko, kisukumio, bomba, chujio, bakuli, chombo cha makapi na jagi. Chujio lilikuwa na matundu madogo yanayozibwa na nyuzi za matunda, na ukichelewa nyuzi zinakauka zikashika kama gundi. Nililiosha kwa mswaki. Mara ya mwisho nilitazama saa: juisi ilinywewa kwa dakika moja, vipande vikachukua dakika 12, halafu vikatandazwa vikauke. Vikauke wapi? Juu ya zile sentimita 62. Yaani hata baada ya kazi yake kwisha bado ilikuwa imeshika eneo, safari hii ikiwa imetawanyika.

Sasa niseme kuhusu sufuria ya presha, maana ndiyo jibu langu na sitaki ionekane nimeipenda kwa sababu ni ya kisasa. Si ya kisasa hata. Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi London, alionyesha sufuria yake ya mvuke mwaka 1679, na vali ya usalama akaibuni yeye mwenyewe. Maji kwenye sufuria ya kawaida, ukiwa usawa wa bahari, yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke na hayapandi tena hata uchochee moto vipi. Anayeishi milimani ana hali ngumu zaidi, kwani joto la kuchemka hushuka kama nyuzi 1 kila unapopanda mita 300. Funga kifuniko mvuke usipate pa kutokea, na maji yatapanda mpaka nyuzi 115 au 120. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini maharage yaliyolowekwa usiku kucha, ambayo yangenikalisha jikoni saa nzima na zaidi, yanaiva kwa robo saa. Ongeza muda wa presha kupanda na kushuka, kwangu kama nusu saa kwa jumla. Huo matangazo huwa hayautaji.

Lakini haikulipa kodi yake kwa kasi. Ililipa kwa wale iliowatoa. Sufuria kubwa ya mchuzi imeondoka, kwa sababu hii ina kitako cha kukaangia vitunguu kabla hujafunga. Sufuria ya umeme ya wali nayo imeondoka, na hiyo niliiaga kwa huzuni, maana ni kifaa chenye akili rahisi kuliko vyote. Kampuni ya Toshiba ilianza kuiuza Japani mwaka 1955, na siri yake ni moja tu: maadamu maji yapo, chini ya sufuria hapapiti nyuzi 100 kwa kiasi cha kutajika, wali ukishayanywa yote joto linaruka, swichi inahisi na kukata moto. Haihesabu dakika, inasubiri maji yaishe. Hata hivyo, wali hupikika vizuri ndani ya presha pia, na mimi sina nafasi ya kuhifadhi akili mbili.

Dada yangu alikuwa ananishawishi ninunue jungu la umeme la kupika taratibu, lile unaloliwasha asubuhi ukala jioni. Nilikataa kwa sababu ya maharage mekundu makubwa. Yana sumu ya asili inayoharibiwa na maji yanayochemka kwa nguvu, angalau dakika 10, wengine hushauri 30, na jungu la taratibu linaweza kushinda kutwa chini ya joto hilo. Ili kuwa salama ingebidi niyachemshe kwanza kwenye sufuria nyingine. Kifaa kinachohitaji sufuria ya kukisaidia, katika jiko la mita 1.6, sikitaki.

Kasoro za presha zipo. Mpira wa kifuniko unashika harufu, na wali uliopikwa siku ya pili baada ya mchuzi wa viungo unakukumbusha jana. Ninao wa pili kwa ajili ya hilo. Huwezi kuijaza: kwa maharage nusu tu, kwa sababu yanavimba na povu linaweza kuziba vali. Na mvuke unaotoka unapiga juu moja kwa moja. Mimi nilijua hilo nilipoona ubao wa kabati la juu umeanza kupinda pembeni. Ndipo nikaelewa kwamba vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi ni vya kifaa kilichozimwa. Pima kikiwa kazini: kifuniko kikiwa wazi, waya ukiwa umechomekwa (plagi peke yake inakula sentimita tano nyuma), mvuke ukiwa na pa kwenda. Friji pia ni hivyo, inatupa joto nje, na ukiibana ukutani inafanya kazi zaidi kwa ubaridi uleule.

Jambo la umeme nitalipita haraka. Ekstensheni ya ampea 13 kwenye volti 230 inabeba takriban wati 3000. Birika la wati 2000 na kikaangio cha wati 1500 vikiwashwa pamoja vimeshapita hapo. Jiko dogo lina soketi chache, kwa hiyo kabla hujauliza kifaa kitakaa wapi, uliza kitachomekwa wapi, na pamoja na nani.

Kikaangio cha hewa nilikitafakari sana, nikijua watu wana mapenzi nacho. Kwa kweli ni oveni ndogo yenye feni kali. Asiye na oveni na anayependa viazi na kuku vya kukauka, mistari yake 11 ingekuwa 40, na ningemwambia abaki nacho, akitupe kingine. Mimi mistari yangu mingi ilikuwa ya kupasha chakula cha jana. Nikakibadilisha kwa maikrowevu ndogo ya mtumba iliyopachikwa ukutani kwa vyuma, haigusi kaunta kabisa. Inachekesha kwamba maikrowevu ya kwanza kuuzwa, mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300. Ingeipita hata friji yangu.

Birika limebaki, lakini limehamia kwenye kizingiti cha dirisha. Lita moja ya maji inachemka kwa dakika 3 hivi kwenye wati 2000. Kikombe kimoja hakifiki dakika. Siku hizi napima maji kwa kikombe kilekile nitakachonywea, si kwa uchumi tu, bali kwa sababu nachoka kusubiri maji ambayo sitayanywa.

Presha nimeipandisha kutoka kabatini. Inakula sentimita 30 za kaunta, na haiko chini ya kabati tena. Zilizobaki, 32, ni za ubao. Si pakubwa, kitunguu kikubwa bado kinakaribia ukingo, lakini viwiko vyangu viko chini na mwanga unatoka dirishani.

Mashine ya juisi nilimpa dada yangu, ambaye jikoni kwake kuna meza ya watu sita. Mwezi uliopita nilimtembelea nikaikuta juu ya kabati, imefunikwa mfuko wa plastiki. Aliniona nikiitazama. Akanikaribisha chai.

Msomaji wenu wa jiko la mita 1.6