Umepewa SULT na parabeni? Soma hii kabla hujagusa pipeti

Wadogo zangu mnaoanza masta ya baiokemia, nawaandikia haya maana mimi nilipoteza wiki nyingi kwa kitu ambacho mtu angenielekeza kwa dakika mbili.

Parabeni ni kihifadhi, mnaijua hata kama jina ni geni, geuza chupa ya losheni au sirapu ya dawa usome nyuma, methilparabeni ipo, kwenye chakula wanaiandika E218. Ikiingia mwilini nyingi inakatwa na esterasi (enzaimu zinazokata esta) za ini inakuwa asidi ya parahidroksibenzoiki, ila ile ambayo bado nzima ina hidroksili ya fenoli na hapo ndo SULT (salfotransferasi, enzaimu zinazopachika salfeti) wanaingia, hasa SULT1A1 ya kwenye ini, inachukua salfeti toka kwa PAPS (molekuli inayobeba salfeti) inaipachika pale, basi inayeyuka vizuri kwenye maji na figo zinaitoa kwa mkojo.

Sasa kosa langu. Nilijua ukiongeza sabstreti kasi inapanda mpaka inatulia, ndo tulivyofundishwa. Nikaweka paranitrofenoli, fenoli ya kupimia SULT1A1, nyingi kupima kama enzaimu iko hai, grafu ikapanda kidogo ikashuka, nikasema enzaimu imekufa, nikafungua nyingine, ikashuka vile vile! Kumbe SULT1A1 ndo tabia yake, fenoli ikizidi inakaa kwenye enzaimu kabla PAP, yaani mabaki ya PAPS, haijatoka, kazi inakwama. Mikromola 4 tu ya paranitrofenoli inatosha kwa kipimo kile. Kwahiyo na parabeni anzeni chini kabisa, pointi nyingi ziwe huko huko chini.

PAPS ni ghali na inaharibika, igaweni kwenye tyubu ndogo siku ya kwanza, friza ya -80, ukiyeyusha usirudishe. Na kila siku iwepo tyubu moja isiyo na PAPS, bila hiyo sitaamini data yako.

Kwenye mas speki (mashine ya kupima uzito wa molekuli) salfeti inaongeza 80, methilparabeni ya 151 (ioni hasi) inakuwa 231. Ila salfeti inaweza kuvunjika ndani ya mashine ukaona 151 ukadhani ni parabeni iliyobaki, angalia muda iliotoka kwenye kolamu kwanza.

Mnaopima sampuli za mkojo nyie, parabeni nyingi humo imeshafungwa na salfeti au glukuronidi (kifungo kingine cha mwili, cha aina ya sukari), msipoweka salfatasi na glukuronidasi, enzaimu za kuvifungua, kabla ya kupima mtaandika mtu hana kitu wakati anayo. Na ukikuta ya huru ndo nyingi kuliko iliyofungwa, shuku kwanza losheni ya mikono ya aliyeshika sampuli.