Kurusha na Kudaka kwenye Gemu ya Kriketi: Amua Kabla ya Kubonyeza

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba anapiga vizuri tu, anafikisha mikimbio (pointi za kriketi) 180 katika ova 20 (kila ova ni mipira sita), lakini kompyuta inaifikia hesabu hiyo huku ova kadhaa zimebaki. Anauliza kama anunue padi mpya ya kuchezea gemu au ashushe kiwango cha ugumu. Aache vyote viwili. Wachezaji wengi wa gemu za kriketi hujifunza kupiga kwa sababu ndiko kuna raha, na zamu ya kurusha ikifika wanabonyeza haraka haraka ili warudi kupiga. Mechi huponyoka hapo.

Mrushaji anapoanza kukimbia, kazi yako inatakiwa ibaki moja tu: kuachia mpira kwa wakati. Aina ya mpira, mahali pa kudunda na upande unaotaka mpira upinde, vyote viwe vimeshaamuliwa. Ukiendelea kusogeza alama ya kudunda huku mrushaji anakimbia, jicho linakuwa kwenye alama badala ya kipimo cha muda kinachoonyesha wakati wa kuachia, na mpira unatoka ovyo. Gemu zenye alama na kipimo hukutaka ubonyeze kipimo kikifika eneo la katikati. Zile za stiki, kama Don Bradman Cricket 14 ya Big Ant Studios, hukutaka uvute stiki ya kulia chini mrushaji anaporuka, kisha uisukume juu mkono unapoachia mpira. Kwa vyovyote vile, ukichelewa sana mguu wa mbele unavuka mstari na mwamuzi anaita mpira haramu. Mpinzani anapata mkimbio wa bure na mpira wa ziada, na kwenye mechi za ova chache anapewa pia pigo huru, yaani mpira unaofuata hawezi kutolewa kwa kuangushiwa vigingi (vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake) wala kwa kudakwa. Kwa hiyo, ukiwa bado mgeni, bora uachie mapema kidogo kuliko kuchelewa.

Sasa urefu wa mpira, maana hapa ndipo penye utamu wote. Kutoka vigingi hadi vigingi ni mita 20.12. Kwa mrushaji wa kasi, mpira mzuri hudunda takriban mita 6 hadi 8 kutoka vigingi vya mpigaji: si karibu kiasi cha yeye kusonga mbele na kuupiga kwa raha, si mbali kiasi cha kurudi nyuma na kuusubiri. Kwa spini, yaani mpira wa polepole unaozungushwa, sogeza alama mbele, mita 4 au 5 hivi. Mipira yako mingi idundie hapo. Yoka, ule unaodunda miguuni mwa mpigaji, unavutia sana, lakini ukikosea mbele kidogo mpira unafika bila kudunda, na ukikosea nyuma kidogo unadunda pale pale anapoutaka. Ukipita juu ya kiuno bila kudunda, ni haramu vilevile. Ihifadhi yoka kwa ova za mwisho, tena baada ya kuizoea kwenye mazoezi.

Swingi hupinda hewani, spini hupinda baada ya kudunda. Watu wanalisahau hili kila siku! Ukitumia spini ya mkono wa kulia inayoingia ndani kwa mpigaji wa kulia, weka alama nje kidogo ya kigingi cha nje (kile cha upande ulio mbali na miguu ya mpigaji) ili mpira urudi kwenye vigingi. Ukiiweka kwenye vigingi vyenyewe, mpira unamkimbilia miguuni na anaufagia hadi mpakani. Spini inayotoka nje ianzie kigingi cha kati. Usiidundishe nje ya kigingi cha upande wa miguu ukitumaini mpigaji atatolewa kwa mguu mbele ya wiketi (mguu kuzuia mpira uliokuwa unaelekea vigingini), kwa sababu mpira uliodunda huko hauwezi kumtoa kwa njia hiyo.

Panga wadakaji kulingana na mpira unaorusha. Ukiondoa mrushaji na mlinda wiketi, yule anayesimama nyuma ya vigingi vya mpigaji, unabaki na 9. Ukishambulia upande wa nje, weka 6 huko na 3 upande wa miguu, halafu usiguse kabisa mpira mfupi (unaodunda mbali na mpigaji) wa upande wa miguu: huko nyuma hakuna mtu. Katika ova 20, ova 6 za kwanza huruhusu wadakaji 2 tu nje ya duara lililochorwa ndani ya uwanja, baadaye 5.

Kwenye kudaka, acha kompyuta imkimbize mdakaji kwanza, wewe shika jukumu la kutupa tu. Chagua upande wa kutupa (vigingi vya mlinda wiketi au vya mrushaji) kabla mpira haujaokotwa, na tazama ramani ndogo badala ya mpira. Kwa mkimbio mmoja wa haraka, aliye hatarini kutolewa kabla ya kufika mara nyingi ni mpigaji mwenyewe, kwa kuwa ameanza kukimbia baada ya kumaliza pigo, na anaelekea upande wa mrushaji. Mwenzake, aliyekuwa upande wa mrushaji, alishatangulia hatua kadhaa. Wakigeuka kutafuta wa pili, mpigaji huyo huyo anarudi upande wa mlinda wiketi, basi tupa huko. Kama hakuna aliye hatarini, tupa kwa mlinda wiketi bila kutafakari: ana glovu na yuko tayari, ilhali upande wa pili mpira ukikosa vigingi unaweza kupita moja kwa moja na kuwapa mikimbio mingine. Usishikilie kitufe cha kutupa hadi nguvu ijae pale mdakaji akiwa karibu.

Mpira wa juu una mtihani wake. Gemu nyingi huonyesha duara mahali utakapotua. Subiri mdakaji afike ndani ya duara kwanza, ndipo ubonyeze. Anayebonyeza huku bado anakimbia ndiye anayeangusha.