Makufuli matatu, na mwenyekiti asiye na ufunguo

Anayetaka kujifunza uongozi mara nyingi huambiwa aanze na mdomo: asimame wima, akaze sauti, awatazame watu machoni. Hayo yana mahali pake. Lakini ukitaka kuona uongozi unavyofanya kazi kweli, nenda ukae nyuma kwenye kikao cha kikoba kinachoendeshwa vizuri, uangalie sanduku.

Utaratibu huu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na leo umeenea Afrika Mashariki, mijini na vijijini. Kikundi huwa na watu 15 hadi 25. Kila kikao mwanachama hununua hisa, kuanzia 1 hadi 5, na fedha huingia kwenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu ambao si viongozi. Mweka hazina anakaa na sanduku nyumbani kwake lakini hana ufunguo hata mmoja. Mwenyekiti naye hana. Ili sanduku lifunguliwe kwa siri, watu wanne lazima wale njama pamoja. Kiongozi aliyekubali kufungwa mikono namna hiyo anaweza kumwambia mtu ukweli mgumu, kwa sababu hakuna wa kumnyooshea kidole.

Tazama kikao kinavyofungwa. Wahesabu fedha wawili wanapanga noti kwa ukubwa, mmoja anahesabu kwa sauti, wa pili anarudia. Katibu anatangaza salio: mfuko wa jamii, yaani wa kusaidiana kwenye shida, elfu arobaini na mbili, mfuko wa mikopo, laki tatu na elfu sabini. Wote wanakariri. Kikao kijacho, kabla ya noti kuguswa, wanachama wanaulizwa zile namba, kisha fedha zinahesabiwa. Zikitofautiana, shughuli zote zinasimama mpaka tofauti ipatikane. Hata asiyejua kusoma anabeba hesabu ya kikundi kichwani.

Utaratibu huu huharibika polepole. Mshika ufunguo anasafiri, mwenyekiti anasema "niachie mimi tu". Mwanachama anapiga simu usiku ana mgonjwa, anapewa mkopo nje ya kikao, na kwa huruma ya kweli kabisa. Rejesho linatumwa kwenye simu ya kiongozi badala ya kuletwa kikaoni. Baada ya miezi mitatu hakuna anayejua fedha zipo wapi, na yule aliyeanza kwa huruma ndiye anayeitwa mwizi. Basi ukiwa kiongozi, yakatae mambo haya mapema, siku ambayo bado yanaonekana madogo. Mshika ufunguo akisafiri, amkabidhi mwanachama mwingine asiye kiongozi, na katibu aandike. Mgonjwa ana mfuko wa jamii. Kama hautoshi, itisheni kikao cha dharura.

Kuna ufundi wa kuendesha mazungumzo pia. Mwenyekiti akianza na "mimi naona tufanye hivi", mjadala umekufa, kwa kuwa wengi hawatampinga mkubwa mbele za watu. Weka swali mezani, kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi; kimya hicho kinauma lakini kina kazi yake. Anza na wale ambao hawajazungumza siku hiyo, uwaite kwa majina. Wewe sema mwisho. Na kila uamuzi usiondoke kikaoni bila mambo matatu kwenye muhtasari: nani, nini, lini.

Pagumu zaidi ni kwa anayedaiwa. Hapa viongozi wengi huanguka, ama kwa ukali ama kwa aibu. Wiki moja kabla ya tarehe, mkumbushe faraghani. Tarehe ikipita, kaa naye peke yenu, uulize kwa utaratibu: "Dada, kumetokea nini? Leo unaweza kulipa kiasi gani? Kilichobaki tukitarajie tarehe ngapi?" Sikiliza jibu la kwanza hadi mwisho kabla ya kuuliza la pili. Kikaoni usimtaje wewe. Katibu asome orodha ya marejesho ya watu wote, jina kwa jina, sauti ileile. Faini iwe ile iliyoandikwa kwenye katiba, isitokane na hasira ya siku hiyo. Na mwenyekiti akichelewa kufika, alipe yake kwanza, mbele ya wote, ndipo afungue kikao. Faini ya shilingi mia tano ikilipwa hivyo hufundisha kuliko hotuba ya nusu saa.

Kazini mambo ni yaleyale. Msimamizi wa zamu au wa stoo anayekabidhi mzigo kwa maneno tu anajitafutia ugomvi: hesabuni wawili, anayetoka na anayeingia, muandike, msaini. Unapompa mtu kazi, mwambie anachotakiwa kufanya, kiasi gani, kufikia saa ngapi, kwa vifaa gani, na akikwama amuulize nani. Kisha usimuulize "umeelewa?", maana kila mtu hujibu ndiyo. Muulize "utaanza na nini?" Jibu lake litakuonyesha ulipoeleza vibaya, na mara nyingi kosa litakuwa lako.

Kamati ya harusi au ya msiba ni uwanja mwingine mzuri, tena wenye majaribu. Kila jioni tuma kwenye kundi la WhatsApp orodha nzima: jina, ahadi, kilichotolewa, na jumla ya matumizi ya siku. Manunuzi yafanywe na watu wawili, na risiti zipigwe picha hapohapo dukani. Ukisubiri kufanya hesabu baada ya shughuli, maneno yatakuwa yameshakutangulia mtaani.

Tena, fundisha mrithi. Kila kikao cha nne mwachie mwenzako aendeshe, wewe kaa pembeni, na akikosea usimkatize isipokuwa fedha ziko hatarini. Zungumzeni baadaye, dakika tano zinatosha: kimoja alichofanya vizuri, kimoja cha kurekebisha.

Siku ya mgao, mwisho wa mzunguko wa miezi 9 hadi 12, ndipo utaona kama haya yote yalishika. Fedha zote zinamwagwa mezani. Tuseme ni shilingi 9,000,000, na hisa zilizonunuliwa ni 1,500: kila hisa sasa ni 6,000. Aliyenunua hisa 80 kwa 5,000 aliweka 400,000, anapokea 480,000. Katibu afanye hesabu hiyo kwa sauti, na mwanachama yeyote mwenye simu airudie kwenye kikokotoo chake. Baada ya hapo uongozi wote unajiuzulu, kura zinapigwa, na mwenyekiti wa jana anarudi kukaa mkekani na wenzake, akiwa na daftari lake la hisa mkononi.